Kadi Mia na Hamsini za Harusi ya Delfina

Tupiza, 14 Januari

Kaka Hilarión,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba leo, saa tatu na robo asubuhi, mbele ya mashahidi wawili, yaani Bi Tomasa jirani yangu na mwenye duka, nimenunua mkasi.

Si mkasi wa jikoni. Meno yake yana mawimbi, ukikata karatasi ukingo unatoka kama lasi ya kitambaa cha altare. Nimenunua pia manila za rangi sita, gundi, utepe, lulu za bandia, maua makavu, na kopo la vile vimetameta ambavyo ukivifungua vinakaa nyumbani kuliko mgeni.

Sasa salamu. Mimi mzima. Goti la kulia linabashiri mvua kila siku, na linakosea kila siku. Wifi Eulogia anaendeleaje na meno? Nimewatumia jibini mbili za mbuzi kwa basi la Jumatano. Dereva nilimfundisha darasa la tatu, akiila moja nitajua.

Nije kwenye jambo lenyewe. Tangu Mwaka Mpya, tulipokuwa mezani kwako tukigawana usimamizi wa harusi, kila mmoja kugharamia kitu chake, huyu msimamizi wa keki, yule wa bia, yule wa bendi, sijasahau heshima aliyonipa Delfina. Mtoto alisimama akasema, "Kadi atazitengeneza shangazi Zenobia, kwa mikono yake." Nilimwona Bi Nicolasa, mama yake bwana harusi, anaweka kijiko chini. "Kwa mikono? Kwani mashine za kuchapa zimefiwa?" Ndipo nikasema kwa sauti ambayo hata mimi iliniogopesha: mia na hamsini. Usimamizi haukataliwi, unajua. Lakini idadi hakuna aliyeniomba.

Harusi ni tarehe 15 Agosti. Kadi utazipata kabla ya Pasaka. Naanza Jumatatu.

Dada yako,
Zenobia Aramayo, mwalimu mstaafu


Oruro, 26 Januari

Dada,

Barua imefika. Jibini moja imefika.

Sisi hatujambo. Eulogia kang'oa jino, sasa anacheka kwa upande mmoja tu, na upande huo ni ule ninaokaa mimi. Delfina anakusalimu. Mkwe mtarajiwa, Édgar, anafanya mazoezi ya tromboni kwa ajili ya Kanivali, na majirani wananiuliza ng'ombe wangu ana nini.

Juzi tulikwenda kwenye soko la vitu vidogo. Nimenunua lori langu dogo, mwaka wa tisa huu, na lori kubwa bado halijajua ninapokaa. Eulogia kanunua nyumba ya ghorofa mbili, inaenea kiganjani. Wewe nimekununulia kadi za harusi, pakiti nzima, kila moja ukubwa wa ukucha. Mganga kazifukiza ubani saa sita kamili, halafu nikakimbia nazo kanisani padri akazinyunyizia maji, ili pasiwe na upande utakaolalamika. Ukishika kidogo, kikubwa kinakufuata. Zimo humu kwenye bahasha. Fungua polepole, usije ukazipigia chafya.

Bi Nicolasa alikuja kwenye duka langu kununua mikate.

"Kadi zinaendeleaje?"

"Zinaendelea."

"Mimi nina mpwa wangu ana mashine ya kuchapa. Siku mbili tu, mia na hamsini, maandishi ya dhahabu."

"Dada yangu amenunua mkasi."

"Ahaa," akasema. "Mkasi."

Kwa namna alivyolitamka, nilimpunguzia mkate mmoja.

Jumatatu imepita. Umeanza?

Hilarión


Tupiza, 10 Februari

Kaka mpendwa,

Natumaini hamjambo wote, na tromboni pia. Hapa mbuzi wa Tomasa amezaa mapacha, na padri mpya anahubiri kwa dakika saba, tunamshuku.

Zile kadi ndogo nimezipokea. Nimezitazama kwa kioo cha kukuzia. Kingo zimekatwa ovyo, na moja ina mabwana harusi wawili. Nimeziweka juu ya kabati, na nakiri kwamba nikiziona napata amani fulani, kama vile sehemu ya kazi imeshafanyika.

Kuhusu kazi yenyewe: mtu haanzi hivi hivi. Meza ilikuwa inacheza, nimemwita seremala. Seremala kaikata mguu mmoja, sasa inacheza upande wa pili, amekwenda kufikiri. Nimenunua maboksi ya viatu kumi na mawili matupu, kila boksi nimelibandika jina. Tomasa huja kila asubuhi na kibuyu chake cha chai ya majani, anakaa mlangoni kama mkaguzi wa shule.

"Mwalimu, umeanza?"

"Napanga vifaa."

"Jana pia ulikuwa unapanga."

"Jana nilipanga kwa rangi. Leo napanga kwa ukubwa."

"Na kesho?"

"Kesho nitaona kama rangi haikuwa bora zaidi."

Haraka haraka haina baraka, kaka. Halafu Kanivali inakaribia, na wewe unajua chombo cha kazi hakitumiki kabla ya kumwagiwa kinywaji Jumanne ya Kanivali. Mama Ardhi anywe kwanza, kisha mimi nianze.

Zenobia


Oruro, 18 Februari

Dada,

Wazima. Mvua. Unga umepanda bei. Édgar amevimba mdomo kwa kupuliza, Delfina anampikia uji.

Umeniandikia methali ya kwanza. Ya pili, ile inayosema ngoja ngoja inaumiza kitu gani, unaijua vizuri, ulikuwa unatuchapa kwayo darasani. Hukuiandika. Nimeona.

Hilarión


Tupiza, 28 Februari

Kaka,

Salamu kwa wote nyumbani. Mapacha wa mbuzi wanakua. Hilo ndilo jema.

Jumanne nilifanya kila kitu kama mama alivyotufundisha. Nilifunga riboni za karatasi kwenye mlango, nikatawanya maua, nikaweka maboksi yangu kumi na mawili katikati ya ua, wazi, ili baraka iingie. Mimi nilinyunyiza kwa ncha za vidole. Tomasa yeye hanyunyizi. Tomasa anamimina. "Mama Ardhi ana kiu, mwalimu, usimbanie!" Akamimina divai, akamimina na pombe ya zabibu, akamimina na bia iliyobaki ili isilale peke yake.

Manila nyekundu imetoa rangi yote ikaipa nyeupe. Ya bluu imeipa ya njano. Maua makavu si makavu tena. Gundi imelewa. Vimetameta vimekimbilia kwenye mbuzi, na mtaa mzima sasa unamwonyesha kwa kidole yule mmoja wa mapacha kama mnyama wa Noeli.

Usimwambie Bi Nicolasa. Nimeagiza karatasi nyingine. Nazo zikija naanza, nakuapia, siku hiyo hiyo.

Mkasi haukudhurika.

Zenobia


Oruro, 20 Aprili

Dada,

Nisamehe kimya. Juma Kuu kwa mwoka mikate si juma kuu, ni juma refu. Eulogia ametia jino la dhahabu, sasa anacheka pande zote mbili.

Nilisoma habari zako nikalazimika kukaa juu ya gunia. Mimi pia Jumanne ile humwagia chombo changu cha kazi. Lakini changu ni tanuri, Zenobia. Ni la matofali! Dereva humwagia gari, mchimbaji humwagia mwamba. Sijapata kusikia mtu aliyeilevya karatasi.

Pasaka imepita. Sisemi kitu. Wiki iliyopita Bi Nicolasa alileta kielelezo kutoka kwa mpwa wake. Kadi ya kuchapwa, dhahabu, malaika wawili wanene kama waliolelewa kwa mikate yangu. Akaiweka mezani, akaitazama, akatutazama. "Siwaharakishi," akasema, "naiacha tu hapa." Bado ipo hapo. Tunakula tukiwa na wale malaika.

Alipoondoka, Delfina akaniuliza, "Baba, nikikubali za mashine, shangazi ataumia?"

"Ataumia."

"Na tukimsubiri?"

"Tutaumia sisi."

Akakata mkate, akautafuna wote. "Basi tumsubiri. Mimi za mashine sizitaki. Kila mtu anazo. Shangazi ndiye aliyenifundisha kushika penseli." Lakini mama yake, Eulogia, amempa mwisho wa kusubiri: tarehe 31 Julai. Siku hiyo kama sanduku la kadi halijatoka Tupiza, usimamizi unakwenda kwa mpwa wa Bi Nicolasa, na wewe utapewa usimamizi wa vijiti vya meno.

Vijiti vya meno, dada. Mimi siwezi kukutetea zaidi ya hapo.

Hilarión


Tupiza, 30 Mei

Kaka mpendwa,

Pokea salamu nyingi, na umpe hongera wifi kwa jino. Majuzi kwenye Sikukuu ya Mama watoto wa shule waliimba uwanjani, na mmoja akaanguka jukwaani akaendelea kuimba akiwa chini, nimempenda sana. Baridi imeingia. Vilima vinazidi kuwa vyekundu, au ni miwani yangu. Padri wa dakika saba amehamishwa. Aliyekuja anahubiri dakika hamsini, sasa tunamkumbuka yule kama mtakatifu. Seremala amerudi, meza haichezi tena, lakini imekuwa fupi, natumia mto. Mbuzi bado anametameta akipigwa na jua. Tomasa amekataa kumwuza, anasema ana bahati. Nimesoma tena kitabu changu cha sarufi. Nimebadili pazia. Nimepika tamale arobaini, zile za unga wa mahindi na pilipili ndani ya maganda, na nimezigawa.

Nimekuwekea majani ya dawa kwa ajili ya kifua chako.

Kuhusu kadi: kazi iko katika hatua yake.

Zenobia


Oruro, 22 Juni

Dada,

Baridi hapa imegandisha mpaka mazungumzo. Wazima.

Nimesoma barua yako mara mbili kutafuta kadi, nimekuta mbuzi. Nimeelewa. Wewe umechoka, umri nao, goti. Kwa hiyo nimeamua kukusaidia. Nimetengeneza moja mwenyewe, jana, juu ya ubao wa kukandia unga, kwa mkasi wa kukatia tambi. Nimekutumia humu kama kielelezo. Njiwa nimemchora na kumkata mimi. Naona ametoka vizuri.

Bi Nicolasa kaiona. Akasema sasa anaelewa ladha ya ukoo wetu inatoka wapi.

Ukiniandikia "sawa" tu, nitatengeneza zote mia na hamsini za namna hii hii, na chini ya kila moja nitaandika: *kazi ya mikono ya mwalimu Zenobia Aramayo*. Hutalazimika kufanya lolote. Pumzika.

Hilarión


Tupiza, 3 Julai

Hilarión,

Sikusalimu. Salamu zitakuja chini, kama zitastahili.

Nimekipokea hicho kitu. Siwezi kukiita kadi. Nilikiweka mezani nikachukua kalamu nyekundu. Gundi yako ni unga wa ngano, na sisimizi walifika kabla sijavaa miwani. Njiwa wako ana kidevu. Njiwa hana kidevu, Hilarión! Ana miguu minne, au ni miwili na watoto wawili, sikuelewa. Jina la bibi harusi umelianza kwa maringo makubwa hadi karatasi ikakuishia, na herufi tatu za mwisho zimepanda pembeni kama mjusi ukutani. Na lile doa ni siagi, usiniambie ni jua linalochomoza. Nimekupa mbili kwa kumi: moja ya jitihada, na moja kwa sababu tulizaliwa nyumba moja.

Halafu nikataka tu kukuonyesha njiwa anavyokaa. Nikafungua karatasi mpya nyeupe, zile nilizoziogopa tangu Machi. Nikashika mkasi wa mawimbi. Nikakata.

Tomasa karibu ajimwagie chai. "Mwalimu! Umeanza!"

"Sijaanza chochote. Namsahihisha kaka yangu."

"Basi msahihishe, mama, msahihishe! Usimwachie!"

Nikakusahihisha njiwa. Nikakusahihisha ukingo. Nikakusahihisha utepe, kwamba fundo linakaa kushoto na si katikati kama kamba ya gunia. Tomasa aliponiletea supu ya mchana niliinua macho, nikakuta nimekusahihisha mara kumi na moja. Wiki imepita. Leo nimefika sitini na nne. Nakata asubuhi, nabandika mchana, Tomasa anatia lulu kwa kibanio cha nyusi, na nimemkataza kumimina kitu chochote.

Nikuambie jambo ambalo tangu Januari sikuliandika, na usimsomee Eulogia. Miaka thelathini na mmoja nilikaa upande huu wa kalamu nyekundu. Makosa yalikuwa ya wengine. Karatasi nyeupe ikiwa nzima haina kosa. Ukishaikata, lililomo ni lako. Nilikuwa nakaa mbele yake kila asubuhi kama mtoto aliyeitwa ubaoni, mikono nimeificha chini ya meza. Mwanamke wa miaka sitini na miwili.

Sasa swali, na ujibu kwa ukweli. Wewe kila mwaka, Sikukuu ya Marehemu, unasuka mikate yenye sura za watu, na nyusi, na vishungi vya nywele, hadi watu wanalia wakiwatambua wafu wao. Mikono hiyo ndiyo iliyomkata njiwa yule?

Salamu kwa wote. Zimestahili, kwa shida.

Zenobia


Oruro, 12 Julai

Dada,

Wazima wote. Delfina alisoma ile sehemu ya "sitini na nne" akanirukia shingoni mbele ya wateja. Mama yake kawaondoa wale malaika mezani, kawafanya kifuniko cha sufuria.

Kuhusu njiwa, mikate iko tanurini, sina nafasi ya kuandika zaidi.

Hilarión


Tupiza, 27 Julai

Kaka mpendwa, wifi mpendwa, na wewe Delfina,

Mia na hamsini. Nimezihesabu mara tatu, Tomasa mara moja, akapata mia na arobaini na tisa, tukaikuta nyingine ameikalia. Tumeitengeneza upya.

Kama nilivyowaambia kwa simu, leo zimepanda basi, ndani ya sanduku la bati la biskuti lililowekwa ndani ya sanduku la mbao lililoshonewa turubai. Dereva ni yuleyule wa jibini. Nimemwambia, "Hizi haziliwi." Kanijibu, "Mwalimu, ile jibini ilianguka." "Ilianguka wapi?" Akatazama chini kama zamani.

Sipendi kujisifu, kwa hiyo namnukuu Tomasa: alipoiona ya kwanza imekamilika, alitafuta maji akanawa mikono kabla ya kuishika. Hakuna mbili zinazofanana. Ya Bi Nicolasa nimeitia alama kwa nyuma. Ina njiwa watatu, na lasi pande zote nne, na ua moja dogo kutoka kilima cha nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Nataka siku akiipokea, wewe kaka uwe umesimama mahali unamwona uso, kisha uniambie. Sitaki kingine katika usimamizi huu.

Nguo yangu ya kijani iko tayari. Napanda basi tarehe 11 Agosti.

Zenobia


Tupiza, 23 Agosti

Kaka,

Naandika bila kujua barua hii itatoka lini. Waandamanaji wameifunga barabara kwa mawe tangu tarehe 28 Julai, kila daraja lina watu wake na moto wao wa matairi, reli nayo imelaliwa na magogo. Simu ya mjini imekatika. Kila siku tunaambiwa wanazungumza na serikali. Nadhani wanazungumza nayo kama Tomasa anavyozungumza na mbuzi.

Tarehe 11 nilikwenda stendi. Tarehe 12 pia. Tarehe 15 nilivaa ile nguo ya kijani, nikakaa juu ya sanduku langu la safari tangu asubuhi, nikifikiri huenda. Saa kumi Tomasa akaja. Akanipa tamale, tukala hapo hapo stendi, ndiyo ikawa karamu yangu ya harusi. Nililia kidogo. Nilisema ni pilipili, akakubali ni pilipili.

Lakini nikuambie lililonituliza. Nilijiambia: Zenobia hayupo, ila mikono yake iko Oruro mara mia na hamsini. Wako watu mia na hamsini waliofungua bahasha yangu. Nikatulia kabisa, nikamaliza tamale.

Nina maswali manne, nijibu moja moja. Delfina alilia? Keki ilisimama wima? Mliniwekea kiti? Na Bi Nicolasa alisema nini alipoishika ile kadi?

Zenobia


Oruro, 31 Agosti

Dada mpendwa,

Njia imefunguliwa, barua yako imefika leo pamoja na mabasi yote ya mwezi mzima, yamepangana mtaani kama ng'ombe wanaorudi zizini. Sisi wazima. Mume wa Delfina, sasa nimwite hivyo, amekula mikate yangu ya bure kwa wiki mbili na amenenepa kidogo.

Najibu kama ulivyoagiza.

Delfina alilia. Alianza kanisani, akanyamaza, akaanza tena alipokiona kiti chako, na hapo nimeshajibu na swali la tatu. Kiti kiliwekwa meza kuu, karibu na Eulogia, kikafunikwa shali. Mlevi mmoja wa upande wa bwana harusi alitaka kukikalia, Delfina akamwambia, "Hapo amekaa mwalimu," yule bwana akaomba radhi kwa kiti.

Keki haikusimama wima. Ilikuwa na ghorofa tano, ikainama kuanzia ya tatu. Msimamizi wa keki alisema ni mtindo. Tuliipeleka ukutani ikaegemea kama mtu anayesubiri basi.

Watu walijaa. Nilitarajia mia na hamsini, nikahesabu mia nne nikaacha. Unajua mimi na Eulogia wiki ile ya kwanza ya Agosti tulizunguka nyumba hadi nyumba na kikapu, kila mlango mikate miwili na neno la mdomo, kama alivyofanya baba kwa harusi yako na marehemu shemeji. Nilianza mtaa wetu, nikaishia mitaa nisiyoijua. Kuna mzee alipokea mikate akauliza, "Nani anaoa?" Nikamwambia. Akasema, "Siwafahamu." Alikuja na wajukuu tisa. Bendi ya Édgar ilipiga hadi jua likatuchungulia, na msimamizi wa bia ameuza baiskeli.

Bi Nicolasa alicheza na mimi. Anacheza vizuri kuliko nilivyotaka. Katikati ya wimbo akaniambia, "Harusi ya watu hii, si ya karatasi." Nikamzungusha haraka asiendelee. Kabla ya hapo alikuwa ameniuliza mara tatu habari za kadi, na mara ya tatu nilimjibu kwamba kazi ya mikono namna hiyo haionyeshwi ovyo ovyo. Sijui kama aliamini, ila alinyamaza, na mimi kwa yule mama kunyamaza nakuhesabu kama sifa.

Kuhusu njiwa, kwa kuwa mikate leo haipo tanurini: nilimkata kwa mkono wa kushoto, nikiwa nimefumba macho. Kidevu kilinishangaza hata mimi.

Delfina anakuja kwako na mumewe mwezi wa kumi. Tomasa aanze kumficha mbuzi, Édgar anakuja na tromboni.

Kaka yako,
Hilarión

N.B. Swali la nne. Sanduku limefika leo saa nne asubuhi. Nimelifungua: zote mia na hamsini zimo, hata moja haijakunjika.